Mwenye Daraja Anapokagua Vikapu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari ya pesa, ila si ile ya kuhesabu chenji. Ni habari ya watu ambao hakuna mtu aliyewapigia kura, wala hatuwajui kwa majina, lakini wanaweza kuamua bidhaa gani iuzwe na ipi isiuzwe. Hawana polisi, hawana magereza. Wana mashine ndogo inayosema "imekubaliwa" au "imekataliwa", na hilo linawatosha.

Tuanzie Braamfontein, kitongoji cha Johannesburg kilichokaa juu ya kilima, kaskazini kidogo ya katikati ya jiji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyewe hukiita Wits, hujaa mitaani kutwa. Kusini kuna reli nyingi zilizolala sambamba, na juu yake limepita Daraja la Nelson Mandela, lenye urefu wa meta 284, lililofunguliwa Julai 2003 kuunganisha Braamfontein na Newtown. Mashariki, kwenye kilima cha Constitution Hill, kuna gereza la zamani na, ubavuni mwake, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Liwekeni akilini daraja, iwekeni na mahakama. Tutavihitaji vyote viwili.

Tuseme binti mmoja anauza vitabu vya katuni alivyovichora mwenyewe, hapo Mtaa wa Juta. Mwanafunzi anapenda kimoja, anagusisha kadi kwenye mashine, mashine inalia, biashara imekwisha. Mtadhani pesa imetoka kwa mwanafunzi ikaingia kwa binti. Hata kidogo. Mashine imeiuliza benki ya binti. Benki ya binti imeuliza mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Mtandao umeiuliza benki ya mwanafunzi: huyu anazo? Jibu limerudi kwa njia ileile, yote hayo kabla mwanafunzi hajarudisha kadi mfukoni. Mara nyingi yupo na mwingine katikati, kampuni inayotoa mashine au inayopokea malipo ya mtandaoni. Kila mmoja anakata senti zake. Na kila mmoja ana kanuni zake, zile ambazo kwenye matangazo ya redio husomwa mbiombio mwishoni: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mmoja tu kati yao akisema hapana, malipo yamekufa.

Sasa rudini kwenye lile daraja. Leo ni la umma, anapita anayetaka. Lakini tuseme lingekuwa mali ya kampuni mbili, na pasingekuwa na njia nyingine ya kuvuka reli. Siku moja mwenye daraja anaanza kukagua vikapu. Anamwambia binti: "Hivi vitabu vyako sivipendi, visipite kwangu." Hajavichoma. Hajamkataza kuchora. Binti yuko huru kabisa kukaa na vitabu vyake upande huu, huku wanunuzi wake wote wako upande wa pili. Serikali ikitaka kupiga kitabu marufuku, lazima itafute sheria, sheria ijadiliwe bungeni, na mwenye kitabu anaweza kwenda mahakamani. Mwenye daraja anaandika barua pepe.

Haya si mambo ya kuwazia tu. Wengi wenu mnacheza michezo ya kompyuta, kwa hiyo Steam mnaijua, na huenda mnaijua itch.io, soko wanakouzia watengenezaji wadogo wadogo. Mwaka 2025 kikundi cha kutetea wanawake na wasichana nchini Australia, Collective Shout, kilizilalamikia kampuni za malipo kwamba katika masoko hayo mna michezo inayoonyesha ubakaji na ukatili dhidi ya wanawake kama burudani. Julai mwaka huo Steam ikaondoa baadhi ya michezo ya watu wazima, ikieleza kuwa huenda imevunja kanuni za wasafirishaji wa malipo, yaani zile kampuni za katikati, mitandao ya kadi na benki zao. Itch.io ikaficha michezo yote ya watu wazima isionekane kwenye utafutaji, kisha ndipo ikaanza kuchambua upi una kosa na upi hauna.

Angalieni lilivyotokea jambo hilo. Waliolalamika walikuwa na hoja, na wapo wanaokubaliana nao, mimi nikiwemo: ukatili si mchezo. Lakini hakuna bunge lililokaa, hakuna hakimu aliyesikiliza upande wa pili. Zilizokumbwa na lile panga ni kazi nzuri na mbaya kwa pamoja. Na watengenezaji walipouliza nani ameamua, hawakupata wa kumkamata shati. Mastercard ilitoa taarifa ikisema haijakagua mchezo wowote. Soko likasema ni wasafirishaji wa malipo. Kila aliyeulizwa alionyesha kidole kwa mwenzake.

Mtaniuliza: kwani kampuni ya malipo inajali nini watu wanauza nini? Si ichukue senti zake inyamaze? Jibu ni hofu. Benki ikipitisha pesa ya mhalifu, inapigwa faini. Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kuilipa Marekani dola bilioni 1.9 kwa sababu pesa za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico zilipita kwake. Tangu hapo mabenki mengi yalijifunza kukata mapema kuliko kuchunguza. Juu ya faini kuna jina: hakuna benki inayotaka kuonekana gazetini pamoja na mtu anayenuka. Kwa hiyo wenye malipo hawasemi "wewe ni mwovu". Wanasema "wewe ni hatari kwetu". Uamuzi wa maadili unavaa koti la uamuzi wa biashara.

Afrika Kusini inaijua nguvu hii kuliko nchi nyingi, na kwanza iliijua kama rafiki.

Mwaka 1985 utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa bado na bunduki, magereza na bunge la watu weupe, Wahindi na machotara, lisilokuwa na kiti hata kimoja cha Mwafrika mweusi. Miji ya watu weusi ilikuwa inawaka moto, na Julai serikali ikatangaza hali ya hatari. Mwishoni mwa mwezi huohuo benki ya Chase Manhattan ya New York ikaamua kutoiongezea muda mikopo yake ya muda mfupi ya Afrika Kusini. Benki nyingine zikafuata. Thamani ya randi ikaporomoka, Agosti soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa, na Septemba serikali ikatangaza kwamba imesimamisha ulipaji wa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Chase haikusema inapigania haki ya mtu mweusi. Ilisema hatari imezidi. Lakini nyuma ya hatari hiyo walikuwako watu wenye miguu na sauti: waandamanaji wa Soweto, na huko Uingereza wanafunzi waliokataa kufungua akaunti Barclays kwa sababu benki hiyo ilikuwa na mizizi mirefu Afrika Kusini. Novemba 1986 Barclays iliuza hisa zake ikaondoka, na benki iliyoiacha ndiyo leo inaitwa First National Bank, au FNB.

Hapo nani alilia? Wachache sana. Ubaguzi haukuanguka kwa sababu ya benki peke yake, lakini pigo la pesa liliuma.

Miaka 30 baadaye nguvu ileile ikarudi mjini. Ndugu watatu wa familia ya Gupta, waliotoka India wakatajirika Afrika Kusini, walikuwa marafiki wakubwa wa Rais Jacob Zuma, na wananchi walikuwa wakiwatuhumu kwamba wameitia serikali mfukoni. Kufikia Aprili 2016 benki 4 kubwa, yaani Absa, FNB, Standard Bank na Nedbank, zilikuwa zimeitaarifu kampuni yao ya Oakbay kwamba zinazifunga akaunti. Kampuni isiyo na akaunti haiwezi kulipa mishahara wala kununua hata karatasi. Viongozi wa benki baadaye walieleza mbele ya tume ya Jaji Raymond Zondo jinsi walivyoitwa na wakubwa wa chama tawala na mawaziri wakajieleze. Tume hiyo, iliyochunguza jinsi nchi ilivyotekwa, katika kipindi chake cha mwisho ilikaa palepale Braamfontein, katika ukumbi wa zamani wa baraza la jiji. Ushahidi mwingi uliotolewa mbele yake ulizipa benki haki.

Basi wengi wakapiga makofi: benki zimefanya kazi ambayo polisi na waendesha mashtaka walishindwa kuifanya. Lakini wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tuutazame sasa mkuki huo ukielekezwa kwingine.

Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza iliziandikia kampuni nyingi za kutuma pesa kwamba itazifungia akaunti. Miongoni mwazo ilikuwamo Dahabshiil, kampuni kubwa kuliko zote za Wasomali. Anayeishi Eastleigh, Nairobi, au Mombasa anajua maana yake. Somalia wakati huo ilikuwa karibu haina benki inayofanya kazi na ulimwengu wa nje. Mama wa Hargeisa au Mogadishu alikula, alitibiwa na kulipa ada kwa pesa aliyotumiwa na mwanawe aliye London, na kwa ujumla fedha hizo zilikadiriwa kupita dola bilioni 1 kwa mwaka. Barclays haikusema Dahabshiil imekosa. Ilisema biashara ya aina hiyo kwa jumla ina hatari ya kutumiwa na wahalifu na magaidi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Wasomali hawakukaa kimya. Walikusanya saini, na mkimbiaji Mo Farah, aliyezaliwa Somalia na kuiletea Uingereza medali za dhahabu za Olimpiki, akasimama nao. Dahabshiil ikaenda mahakamani, na Novemba 2013 Mahakama Kuu ya London ikaizuia Barclays kufunga akaunti hadi kesi isikilizwe. Hoja ilikuwa kwamba benki kubwa sokoni haiwezi kutumia ukubwa wake ovyo. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana, Dahabshiil ikapewa muda wa kutafuta njia nyingine. Kampuni ndogo ndogo zisizo na pesa ya mawakili zilifunga virago.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki daraja letu ni simu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, wengi walikuwa hawajawahi kuingia benki. Leo muuza mboga asiye na namba ya kupokelea malipo anapoteza wateja. Mwaka 2015 Safaricom iliikatia huduma ya M-Pesa kampuni ya Lipisha, iliyokuwa ikiwapokelea malipo wafanyabiashara wengine, kwa sababu mmoja wa wateja wake, BitPesa, alikuwa akishughulika na sarafu ya kidijitali ya bitcoin bila leseni ya Benki Kuu. Lipisha na BitPesa zikakimbilia Mahakama Kuu Nairobi. Desemba mwaka huo mahakama ikakataa kuiamuru Safaricom iwarudishie huduma.

Linganisheni kisa hicho na cha mwaka 2019. Bodi ya Kenya ya kusimamia michezo ya kubahatisha iliitaka Safaricom izifunge namba za malipo za kampuni za kamari, SportPesa ikiwamo, na kabla ya mwaka kwisha SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya. Mkono uliokata ulikuwa uleule wa kampuni ya simu. Lakini safari hii amri ilitoka kwa chombo cha serikali, ikajadiliwa redioni na bungeni, na aliyeumia alijua wa kumshtaki. Unaweza kuipinga amri ya aina hiyo kwa sababu ina mwenyewe.

Na huko Afrika Kusini sheria inasemaje? John Bredenkamp alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Zimbabwe. Novemba 2008 Marekani ilimweka kwenye orodha yake ya watu wasiofanyiwa biashara, ikimtaja kuwa mtu wa karibu na Rais Mugabe. Orodha hiyo si sheria ya Afrika Kusini, wala hakuwa ametiwa hatiani na mahakama yoyote huko kwa jambo hilo. Standard Bank ikaamua kumfungia akaunti. Akashtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Rufani, Bloemfontein. Mei 2010 majaji wakasema mkataba unairuhusu benki kuachana na mteja baada ya kumpa taarifa kwa muda wa kutosha, na si kazi ya mahakama kupima kama uamuzi wa kulinda jina la benki ulikuwa sahihi. Kwa maneno mengine: mwenye nguvu mpishe. Hukumu hiyo ndiyo iliyotajwa tena na tena benki zilipowakata akina Gupta.

Nawaona mmekunja uso. Mnaona benki ni mfanyabiashara kama mwenye duka, na mwenye duka ana haki ya kumkataa mteja. Ni kweli, na haki hiyo ni ya thamani. Hakuna anayetaka benki ilazimishwe kufanya biashara na mwizi. Lakini duka likikukataa unavuka barabara unaingia la pili. Benki 4 zikikukataa kwa pamoja, utavuka barabara ipi?

Ndiyo maana niliwaambia muikumbuke ile mahakama ya Braamfontein. Jengo lake lilifunguliwa Machi 21, 2004, siku ya haki za binadamu nchini humo. Limejengwa kwa sehemu na matofali ya gereza lilelile lililowahi kuwafunga Gandhi na Mandela. Majaji wake ni 11. Nao walipata kesi ya kampuni ya malipo, ingawa haikuwa ya kumfungia mtu akaunti.

Kampuni ya Cash Paymaster Services ilipewa mkataba mwaka 2012 wa kuwalipa wazee, watoto na walemavu wa nchi nzima ruzuku zao za serikali. Kufikia 2017 ruzuku hizo zilikuwa zaidi ya milioni 17. Novemba 2013 mahakama ikasema zabuni iliendeshwa kinyume cha sheria, na mkataba ni batili. Hapo ikaja shida: kampuni ikiondoka kesho, nani atamlipa bibi wa kijijini? Mwaka 2014 majaji wakajibu kwamba kampuni hiyo, ijapokuwa ya watu binafsi, imebeba kazi ya umma, kwa hiyo imebeba na wajibu wa katiba. Haiwezi tu kukusanya mashine zake na kwenda zake. Machi 2017, mkataba ukiwa umebakiza wiki 2 na serikali haijajipanga, shirika la Black Sash, lililoanzishwa na wanawake mwaka 1955, likaenda mbele ya mahakama hiyohiyo. Mahakama ikaamuru malipo yaendelee mwaka mmoja zaidi chini ya uangalizi wake, na siri za walipwaji zilindwe zisitumiwe kuwauzia mikopo na muda wa maongezi.

Hukumu hizo hazikuwagusa Visa wala Mastercard. Lakini wazo lililomo linabebeka: ukishika kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila kukipitia, huwezi tena kusema hiki ni changu, nafanya nitakavyo. Mwaka 2020 msimamizi wa huduma za fedha wa Afrika Kusini alipiga hatua ndogo kuelekea huko. Alitoa kanuni inayozitaka benki, kabla ya kufunga akaunti, zimpe mteja taarifa mapema na zimweleze sababu, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe inazuia, kama vile wakati wa uchunguzi wa uhalifu. Haizilazimishi zimbakize mteja. Zinalazimishwa kufungua mdomo.

Basi mkisikia kampuni ya malipo imemkata mtu, msikimbilie kuuliza kama mtu huyo ni mwema. Ulizeni mambo manne. Aliambiwa sababu? Alipewa muda? Alisikilizwa na mtu mwingine asiye yule aliyemkata? Na je, anayo njia nyingine ya kulipwa, hata kama ni noti mkononi? Hilo la mwisho msilidharau. Nchi ikiacha noti na sarafu zife, mwenye daraja anabaki peke yake.

Maswali hayo wajaribieni akina Gupta kwanza, kwa sababu ni rahisi kumtetea mnayempenda. Wao walipewa taarifa, walikuwa na mawakili, na waligonga mlango wa kila ofisi. Kisha mjaribieni yule mama wa Hargeisa, ambaye barua ya Barclays haikuandikwa kwake, wala hakuna aliyemuuliza neno. Mtaona nani alihitaji ulinzi wa sheria kuliko mwenzake, na nani aliupata.